Ufito wa Mama

Mama hakuipenda droni yangu hata kabla haijawa na umbo. Nilipozitoa mota ndogo kwenye bahasha na kuzipanga juu ya kitanda, hakuuliza zinafanya nini. Aliuliza zinalia vipi. Nilijua anachowaza, maana wakati huo kila mtu kwenye laini zetu, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, alikuwa akiwaza jambo hilo hilo.

Ng'ambo ya mto, kwenye shamba la jirani, mashine za kuchuma majani zilikuwa zimeanza kazi. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, tulizisikia. Nyumba za wachumaji wa huko zilikuwa zimebaki tupu, milango imeng'olewa, nyasi zinaota hadi jikoni. Kwetu sisi mchumaji akikosa kazi hukosa na nyumba. Mama alikuwa amechuma hapo tangu alipokuja kutoka upande wa Kisii akiwa msichana, nami nilizaliwa katika chumba hicho hicho. Hatukuwa na pengine pa kwenda.

Lakini mimi nilikuwa fundi wa simu mjini Kericho, na nilikuwa nimechoshwa na vioo vilivyopasuka na wenye simu wanaoapa kwamba hawakuziangusha. Nilitaka droni ya kupiga picha za harusi. Ya dukani sikuiweza, kwa hiyo niliamua kuiunda mwenyewe, kwa kuchagua kifaa baada ya kifaa.

Kuchagua kwenyewe kulitaka kunitia wazimu. Wanaofundisha mambo haya kwenye video huongea kana kwamba dunia nzima inaishi ufukweni. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na pangaboi zinazoinua droni Mombasa bila shida huhangaika hapa. Nikarudisha zile fupi nikaagiza ndefu. Pangaboi ndefu zikadai mota nyingine, zenye nguvu lakini zisizo na haraka ya kuzunguka. Mota hizo zikadai betri kubwa. Betri kubwa ni mzigo, na mzigo ukanirudisha kwenye pangaboi. Muuzaji wa Nairobi alinichoka kabisa. "Madam, si uchague tu moja ufurahi?" aliniambia kwa simu. Nikamkatia.

Nilipozifunga mota na kuziwasha mara ya kwanza nje ya mlango, jirani mmoja alitoka mbio na mwiko mkononi, akatazama upande wa mto. Mama alisimama tu. "Inalia kama ile ya ng'ambo," akasema. Nilimwambia mota ni mota, zote hulia. Niliudhika, na chini ya kuudhika huko nilikuwa naogopa.

Siku hiyo kiunzi cha plastiki kilichoshika mota kilipasuka. Nilikaa nacho mapajani, karibu nilie, mama akaniletea ufito wake wa zamani. Mchumaji hulaza ufito juu ya michai: jani lililo juu yake linachumwa, la chini linaachwa, na hivyo meza ya chai, yaani uso wa juu wa michai, inabaki sawa mwaka baada ya mwaka. Wengine hukisia kwa macho. Mama hakuwahi kukisia, na alikuwa na maringo kidogo kuhusu jambo hilo.

"Chukua. Hii haijawahi kupinda," alisema.

Ulikuwa mwepesi na mgumu, umelainishwa na viganja vyake. Niliukata vipande vinne, nikafunga mota moja kwenye ncha ya kila kipande. Hakuna kiunzi cha dukani ambacho kingenifaa zaidi.

"Sasa imebaki nini?"

"Kamera tu."

Aliacha kumenya viazi. "Weka taa. Macho ni ya nini?"

"Mama, nani atanilipa nipeleke taa kwa harusi?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Habari zikamfikia nyapara wa sehemu yetu. Alikuja mlangoni akasimama, mikono nyuma. "Nasikia uko na ndege. Rusha hapa hapa kwa shamba, hakuna mtu atakusumbua. Mambo ya kibali wachia mimi, nitaongea na meneja. Mimi nataka tu kuona hiyo video."

Mtu huyo hakuwa amewahi kumwazima mchumaji hata mwavuli. Alipoondoka, mama aliniuliza anataka nini.

"Anataka kuona tu."

"Hiyo ndio naogopa," alisema.

Tuliirusha Jumapili, shamba likiwa halina watu ila sisi na nyapara. Ilipanda vizuri. Mota hazikupata moto, vipande vya ufito havikutikisika, na kwa muda nilisahau yote nikawa na furaha tupu. Mama alikuwa ametazama pembeni, lakini mwishowe alisogea begani kwangu kuangalia picha kwenye simu.

Kutoka juu, mafungu ya wenzake, zile sehemu ambazo kila mchumaji hupewa kuchuma, yalikuwa na vilima na mashimo. Katikati yake kulikuwa na moja lililolala sawa, kama kitanda kilichotandikwa.

"Hii ni ya nani?"

"Yako, mama."

Alifunika mdomo kwa leso akacheka. Miaka yote hiyo ameinama juu ya chai ile, hajawahi kuiona. Nilimwonea fahari.

Nyapara naye alikuwa ameinamia simu. Aliniambia niirudishe droni nyuma. Akapitisha kidole polepole juu ya fungu la mama, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukwama popote.

"Mama, hapa umeweka sawa kabisa."

"Asante, supavaisa."

"Mashine haipendi mahali pa milima milima, inararua majani. Lakini hapa itapita tu." Alinyanyuka, akajipangusa umande kwenye suruali. "Nitaambia meneja tuanze na hapa."

Akaenda zake. Niliishusha droni. Mama aliiokota kutoka kwenye nyasi, akapapasa kipande kimoja, kile chenye alama ya kukwaruzwa na jembe zamani.

"Nirudishie fito yangu," akasema.

Nikamwambia nimeshaukata.