Golikipa wa kwa kofia alivyonipatia bibi Kibwezi

Wakuu, salamu kutoka Ikutha. Hii nilipitia mwenyewe, na bibi yangu amekaa hapa kando anasoma, kwa hivyo siwezi ongeza chumvi hata nikitaka.

Naona vijana humu mnabishana vile ya kujua bei ya kadi za wachezaji. Mara condition, mara kona, mara print. Mimi niliacha shule class three, na hiyo kazi niliijua miaka ya sabini nikiuza mbuzi.

Wakati huo kulikuwa na chingamu zilikuja na kadi ya mchezaji wa mpira ndani.

Baba ya Mwende, msichana niliyempenda, alikuwa na duka Kibwezi. Alifungua hizo chingamu mwenyewe akitafuta kadi, wateja wakauziwa zikiwa uchi. Timu moja ilimnyima usingizi: wachezaji kumi anao, golikipa hana. Watu walimtania ati timu yake inafungwa mpaka na upepo.

Golikipa nilikuwa naye mimi. Alitoka kwa chingamu niliyonunua Voi. Kona moja nilikuwa nimeikunja nikichokoa meno nayo. Nikamweka tu ndani ya kofia.

Sasa siku ya ntheo ikafika. Kwa wasio Wakamba: unapeleka mbuzi watatu kwa kina msichana, mmoja beberu wa kuchinjwa pale pale. Bila hao, msichana bado ni wa babake. Na kulikuwa na karani mmoja wa mjini aliyengoja tu nianguke.

Beberu wangu akakata kamba njiani, akaingia vichaka vya kando ya reli. Hadi leo sijamwona.

Tukafika na mbuzi wawili. Shangazi ya Mwende akahesabu, akarudia kuhesabu, akatuambia turudi kwetu tungoje hao wawili wazae. Wazee wangu wakaanza kuangalia viatu.

Nikatoa golikipa kwa kofia.

Mzee akavaa miwani. Akamgeuza, akampapasa mgongo na kidole vile sisi hupapasa mbuzi kujua kama ana nyama. Nikaona mkono hautaki kumwachilia. Hapo bei nikaijua.

"Kona imekunjika," akasema. "Nipe hii, nikupe ule beberu wangu mdogo, umtoe kama wako."

Wakuu, mtu wa akili hapo anasema asante baba. Lakini mimi ni mtu wa soko. Mdomo ukaenda wenyewe.

"Mzee, huyo mdogo ni mifupa. Nipe yule mweusi mkubwa, ama golikipa arudi kwa kofia."

Nani hubishana bei na baba mkwe siku ya ntheo? Mjomba wangu alinikanyaga mguu nikaona nyota mchana. Nikajua nimempatia karani bibi.

Ndio sauti ya Mwende ikatoka jikoni: "Baba, mpe huyo mweusi. Huyu mtu hatashuka."

Mzee akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mweusi akafunguliwa, nikakabidhiwa kamba, nikamrudishia mwenyewe kamba ile ile. Mbuzi wa tatu huyo. Hakutoka hata kwa lango, na mimi tayari nina bibi. Tulimla mafuta yakishuka mpaka kwa viwiko.

Juzi collector mmoja kijana alitoka Nairobi kuona album ya marehemu baba mkwe, tuliirithi. Akasema golikipa ni kadi imekufa: kona imekunjika, na tena mzee alimbandika na uji.

Nikamuuliza, na zile zako safi zimekuzalia watoto wangapi?

Lesson yangu ni hii. Ukitaka kujua bei, wacha kukodolea kadi macho. Angalia mkono wa yule ameishika.

Haya, wajuzi, nipingeni hapa chini. Na kama kuna mtu anataka kumnunua golikipa, aongee na Mwende. Amesoma mpaka hapa, na anasema mje na beberu mweusi, mkubwa, na hatashuka.