Msuko Mmoja Niliouacha

Kosa lilikuwa langu. Jumamosi nilimsuka jirani yangu mtindo wa twende kilioni, misuko kumi na minne, nikiamini namsaidia: mtoto akija, atapata wapi nafasi ya kuchana nywele? Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo siku tatu kabla ya kushika chanuo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nimetoka chuo kikuu, na kazi yangu pale mtaani Ziwani ilikuwa kungoja barua ya kuitwa kazini, na kufikiri.

Jumatatu asubuhi uchungu ulimshika. Mama mkwe wake aliingia chumbani, akaona kichwa, akajishika kiuno.

"Nani kamfunga hivi?"

"Mimi, mama."

"Mwanamke aende kuzaa na mafundo kichwani! Tena twende kilioni! Kwenu huko bara, magharibi, hamna wakubwa wa kuwafunza?"

Kwao, watu wenye asili ya pwani, mwanamke akishikwa na uchungu kila kilichofungwa hufunguliwa: makufuli, masanduku, nywele. Fundo likibaki, mtoto naye hubaki. Sikujua. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vya uzazi maktabani na kunakili kurasa nzima kwenye daftari. Hakuna kilichotaja nywele.

"Mfumue basi, maana vidole vyangu havikunjiki. Halafu utoke. Msichana ambaye hajazaa hakai kwa mzazi."

Jirani yangu alinishika kifundo cha mkono. "Shoga, usitoke."

Nilijua kwa nini. Mtoto wake wa kwanza alimzaa peke yake nyuma ya pazia la wodi, akiita mpaka sauti ikamkauka. Mtu alipokuja, mtoto hakuwa hai tena. Mimba hii yote aliniomba kitu kimoja: asiachwe peke yake. Nami, nisiyeweza kununua fungu la sukuma wiki bila kusitasita, nilikubali hapo hapo bila kufikiri.

Sijafumua hata msuko mmoja, chupa ya uzazi ikapasuka. Tukaenda kwa miguu hadi kliniki ya kujifungulia, mama mkwe nyuma yetu, tukisimama kila uchungu ulipokuja, jirani yangu akining'inia shingoni mwangu. Wanawake waliokuwa bombani waliacha madebe yao.

"Msomi! Utamzalisha kwa kalamu?"

"Mwacheni, digrii imekosa kazi!"

Kwa kawaida kejeli kama hiyo ningeitafuna wiki nzima. Siku hiyo nilipita.

Mlangoni muuguzi alinyoosha mkono. "Mgonjwa aingie. Nyinyi ngojeni nje."

"Namfumua nywele," nikasema.

"Unafanya nini?"

Mama mkwe ndiye aliyeniokoa, bila kutaka. "Sista, mwache amfumue. Mtoto hatoki na mafundo."

Muuguzi alimtazama bibi, akakitazama kichwa. "Ukimaliza, utoke."

Basi nikaanza. Uchungu ukija naweka chanuo chini na kumbonyeza kiuno kwa viganja vyote viwili. Ukipita, nafumua kidogo. Nilikuwa na hofu ya kila kitu. Nabonyeza sana? Nabonyeza pasipofaa? Mwishowe nikamuuliza.

"Hapo hapo," akasema. "Usiondoe mkono."

Miaka mingi baadaye nilifunzwa kazi hii rasmi, nikapewa cheti kinachosema mimi ni doula, mtu wa kukaa na mzazi anapojifungua. Mafunzoni walituambia mzazi aulizwe. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa.

Muuguzi alipita. "Hujamaliza?"

"Bado mitano, sista."

Akapita tena, nikamwahi: "Bado miwili."

"Wewe unafumua nywele au sweta?"

Ulipobaki mmoja, nyuma ya sikio la kushoto, mikono yangu ilisimama. Nikiufumua, natolewa. Nisipoufumua, na lolote likitokea, nje yuko mwanamke atakayeapa mpaka kaburini kwamba mimi ndiye niliyemfunga mjukuu wake. Na kama ni kweli? Vitabu havikutaja nywele, lakini kuna mengi ambayo vitabu havikutaja.

Nikamnong'oneza, "Umebaki mmoja. Nikiufumua wananitoa."

Akafumbua macho. "Uguse uone."

Nikatia chanuo mfukoni.

"Umemaliza?" Muuguzi alikuwa amerudi.

"Bado mmoja."

"Umalize basi."

"Sitaumaliza, sista. Nitaumaliza mtoto akishazaliwa." "Ukitaka nitoke, itabidi unibebe."

Alinikodolea macho. Kwenye kitanda cha pili mtu akapiga ukelele. "Kaa hapo kichwani," muuguzi akasema akiondoka, "na usiguse kitu."

Nilikaa. Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya adhuhuri, msichana, akilia kwa hasira.

Mama mkwe alipoingizwa alimtazama mjukuu kwanza. Kisha mkono wake ukaenda kichwani mwa mkwewe, ukatua nyuma ya sikio.

"Huu hukuuona?"

"Niliuona, mama. Niliuacha."

"Uliuacha!"

"Ningeufumua wangenitoa. Nami nilimwahidi sitatoka."

"Na kama mtoto angebaki?"

"Hakubaki."

"Mimi ndiye niliyemkataza," jirani yangu akasema, macho yamefumbwa.

Mama mkwe akanyoosha kiganja bila kunitazama. Nikampa chanuo. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuufumua mwenyewe kwa vidole vyake vigumu, midomo ameibana. Ilimchukua muda mrefu. Nilisubiri aniambie nitoke. Hakuniambia.