Niliyekataa Kumwita Mama

Msinicheke sana. Jumamosi nilivuka mto kutoka Kisangani kwenda Lubunga kumposea mpwa wangu, nimevaa koti jipya. Mwanamke kijana aliyepiga kasia aliukata mkondo kwa ustadi ambao sijawahi kuuona. Hapa kwetu mwanamke huitwa mama hata kama hajazaa, na abiria wote walimwita hivyo. Mimi na mvi zangu nikajidai: “We mutoto, fanya mbio!” Akatabasamu tu, akanifikisha bila tone kugusa koti langu.

Ukweni, baba wa binti akasema: “Mama yake alikufa. Bon, posa inapokelewa na mama yake mudogo.”

Nikavua kofia. Pazia likafunguka. Alikuwa yeye, kitenge kingali kimelowa.

“Karibu,” akasema taratibu. “Karibu, mutoto yangu.”