Upanga wa Staringi wa Owiti

Mimi ni muongo, ploti nzima inajua. Nimewahi kumwambia mwalimu wa zamu kwamba nyanya yangu amefariki, na nyanya mwenyewe akatokea shuleni mchana huo huo kuniletea viazi. Kwa hivyo cheka ukitaka. Lakini hili nililiona kwa macho yangu haya mawili, na giza lilikuwa halijaingia.

Mwaka huo vijana wa ploti yetu ya Mamboleo tulishikwa na ugonjwa mmoja: mastaringi. Yaani vile visanamu vya plastiki vya watu wa sinema, urefu wa kiganja. Vilikuja vimejificha ndani ya mitumba, tukavichakura soko la Kibuye. Tulivipima kama wazee wanaopima ng'ombe. Mguu ukilegea, ameshuka bei. Rangi ya uso ikibanduka, ameshuka zaidi. Lakini akiwa bado na silaha yake, humpati bila kutoa wawili. Wangu alikuwa na ngumi yenye tundu, na ndani ya tundu hamna kitu. Staringi bila upanga! Si ni mwalimu bila kiboko?

Owiti, jirani wa mlango wa pili, alikuwa na mmoja kama wangu, ila wake hakuwahi kuguswa. Bado alilala kwenye kadi yake, chini ya plastiki, upanga ubavuni. Owiti alipewa na kaka yake Otieno, baharia, alipokuja likizo. "Ukimfungua ni mdoli," Otieno alimwambia. "Usipomfungua ni mali." Kisha Otieno akarudi melini, bahari ikamchukua. Mwili haukupatikana. Kwao Seme walizika tunda la mti wa yago mahali pake, ndiyo desturi mtu akipotea hivyo.

"Omera, ndugu yangu, nipe upanga tu," nilimbembeleza Owiti. "Staringi ubaki naye."

"Kafie mbele! Otieno alisema asifunguliwe. Wewe nani?"

Sasa, unawajua nyawawa? Ni pepo wanaopita na upepo jioni. Wakisikika, watu hutoka nje wote wakagonga mabati, sufuria, chochote chenye kelele, mpaka wawasukume ziwani. Ndani habaki mtu. Unaona akili yangu ilikoelekea?

Jioni moja upepo ukavuma kidogo tu. Nikashika kifuniko cha sufuria, nikagonga, nikapiga kelele: "Nyawawa! Nyawawa!" Mara ploti nzima iko nje. Mama Otieno, mama yao Owiti, alitoka na sufuria ya ugali akaigonga kuliko wote. Owiti naye yuko juu ya pipa, anapiga bati kwa jiwe. Nikapenya kwao.

Nilichana plastiki kwa wembe. Upanga ukaniangukia mkononi, mwepesi kama kijiti cha kiberiti. Nilipogeuka, kando ya pazia la chumba cha ndani palisimama mtu.

Alivaa koti zito la nchi za baridi. Maji yalimchuruzika, lakini sakafu haikulowa. Picha ya Otieno ilikuwa ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, na uso ulikuwa ule ule. Alikuwa ameziba masikio kwa mikono miwili.

"Ni mama anayegonga?" akaniuliza.

Niamini, nilimjibu. Nilisema ndiyo.

"Mwambie aache. Nimetoka mbali."

Nikachomoka nje. Mama Otieno alikuwa pale pale, jasho linamtiririka, leso imemdondoka. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: acha. Lakini angeuliza nimejuaje, nilikuwa nyumbani kwake nikitafuta nini, na upanga uko mfukoni.

"Gonga, nyathina, gonga mwanangu!" akanihimiza. "Wasituingilie!"

Nikaokota kifuniko changu. Nikagonga. Nikagonga kwa nguvu zote, ili nisisikie kitu kilichokuwa kikilia ndani ya nyumba ile. Halafu upepo ukageuka, ukashuka ziwani, na watu wakapiga vigelegele.

Upanga niliurudisha kesho yake, nikabandika plastiki kwa gundi. Owiti hajagundua. Angegundua, angenipiga, na labda ningepata usingizi.

Kinachoniumiza ni mama yake. Zamani alikuwa akimwota Otieno kila mara, amelowa chapachapa, anabisha hodi. Tangu jioni ile hamwoti tena. "Mwanangu amepumzika," anawaambia akina mama kanisani, nao wanamshukuru Mungu, na mimi niko hapo kwenye kwaya naimba haleluya. Hajapumzika. Alikuwa amefika kwao, akafukuzwa na sufuria ya mama yake mwenyewe, na aliyeanzisha ni mimi. Nitamwambiaje?

Wewe unayesoma, upepo wa jioni ukivuma, funga mlango, uombe, unyamaze. Usiwe wa kwanza kugonga. Huwezi kujua anayepita ni mwana wa nani.