Jiko Lililobeba Kikapu

Niliandika tasnifu nzima kuhusu umaskini wa vijijini barani Asia, na hadi leo sijakanyaga Asia. Nilisomea hapahapa Durban, nikapata digrii yangu, kisha nikapata kazi ya kuuza kava za simu kule mtaa wa Point. Nasema haya mapema ili msomaji ajue anaongozwa na nani.

Mwenye duka ni Mbangladeshi, mtu mpole, na Kiswahili chake amekiokota kwa wateja Wakongo. Mimi humwita kaka. Mama yake yuko kijijini kwao Bangladesh, pamoja na mdogo wake kaka. Kila mchana, duka likipoa, kaka humpigia kwa video, nami hupunga mkono na kutabasamu kwa sababu lugha hatuna. Mwaka juzi mama yule alianza kukohoa. Alikuwa akipikia mabua kwenye kijumba kisicho na dirisha, na kila simu kikohozi kilikuwa kirefu kuliko salamu. Kaka alikosa raha kabisa. Mazishi ya baba yake aliyaona kwenye simu akiwa huku, na aliniambia wazi kwamba anaogopa kumzika mama hivyohivyo.

Hapo nikajitokeza mimi, mtaalamu. Nikamwambia atume jiko la gesi. Nilimweleza habari za moshi na mapafu kwa maneno ya chuoni mpaka akachoka kuitikia. Mdogo wake akalinunua mjini, akalivusha mto kwa mtumbwi. Sisi huku tukanywa soda kusherehekea.

Wiki chache baadaye kaka akaja na uso mzito.

"Dada, mama iko anakataa jiko. Iko anaweka kikapu ya mchele juu yake."

Nilikasirika utadhani nimetukanwa. Nikasema wazee ni wakaidi, wanaogopa vitu vipya, wanahitaji kuelimishwa. Mama mmoja Mkongo, msusi wa saluni ya jirani, alikuwa amekuja kuchaji simu yake na akanisikiliza mpaka nilipomaliza.

"Lakini mulimuuliza?" akasema. "Ao mulituma tu?"

"Tumuulize nini, mama? Anakohoa."

"Eish. Miye nauliza tu."

Kaka akampigia mama yake palepale, akamuuliza. Mama yake alieleza kirefu, mikono ikipanda na kushuka kwenye kioo, na kaka akatutafsiria. Mtungi wa gesi ukiisha lazima uvushwe mto, na msimu wa mafuriko hakuna wa kuuvusha. Mabua yako uani. Mbegu zake za maboga na maharage huning'inia juu ya moto, na moshi ndio unaozikinga na wadudu. Bila moshi, msimu ujao hana cha kupanda. Alichotaka ni dirisha upande wa bwawa, na jiko lake la udongo liinuliwe hadi kiunoni, maana akichuchumaa magoti yanamuuma.

Kwenye tasnifu yangu nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa kuhusu maendeleo yanayoanza na mtu mwenyewe. Niliona aibu, sifichi.

Dirisha lilitobolewa kwa siku moja. Kikohozi hakijaisha, lakini siku hizi salamu zinafika mwisho. Wiki iliyopita mama alituonyesha moshi ukitoka kuelekea bwawani, naye amesimama wima anakoroga chungu. Kisha akaniangalia, akasema jambo.

"Anauliza, mama yako iko anapikia nini?" kaka akanitafsiria.

"Gesi," nikajibu haraka. "Nilimnunulia mwenyewe."

Jibu lile halikunitulia moyoni. Nilitoka nje ya duka nikampigia mama yangu, kijijini kwetu Muheza, nikamuuliza habari za mtungi.

"Upo, mwanangu. Nimeutandikia kitambaa, unapendeza."

Alikuwa akisema huku anapuliza moto. Nilisikia pumzi zake, kisha kikohozi kifupi alichojaribu kukimeza.

"Mama," nikasema, "wewe mwenyewe unataka nini?"

Akaacha kupuliza moto. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hujawahi kuniuliza hivyo. Kwani umefukuzwa kazi?"