Kibao Alichovaa Tumaini

Usiku ule nililala huku sauti za filamu yangu bado zinanivuma masikioni. Nilikuwa nimeihangaikia miaka mitatu, kwa kamera ya kuazima na mabinti wa mtaani kwetu wakiwa waigizaji. Ilihusu wasichana wa sekondari ya bweni na majina tunayobandikana tangu siku ya kwanza: kipanga, kilaza, mlokole, sista duu. Nilitaka watu waone kwamba mtu si jina lake. Asubuhi Chacha, mhariri wangu, angeituma kwenye tamasha, na baada ya hapo hakuna kubadilisha kitu.

Nikajikuta darasani, kidato cha pili, kule Njombe. Baridi ni ileile ya kutafuna vidole. Sote tumevaa sweta za kijani zilizochakaa viwikoni, na Tumaini yuko dawati la nyuma, anakula mhogo mbichi kwa kujificha. Sikushangaa kumwona, ingawa tulimzika mwaka juzi. Ndotoni marehemu hapigi hodi. Nilifurahi tu, furaha ya kitoto kabisa, nikatamani kumsimulia kila kilichotokea tangu aondoke.

Tumaini ndiye aliyekuwa kilaza wetu, wa mwisho kila mtihani; mimi kipanga, wa kwanza. Ndiye aliyenifundisha kufua sweta isivutike, kulala wawili kitanda kimoja Julai inapozidi ukali, na kucheka mpaka matroni aje na fimbo. Hayo hayakuandikwa kwenye ripoti ya shule.

Ukuta wa darasa umegeuka shuka nyeupe, na filamu yangu inaonyeshwa. Tumaini amekaa nami benchi moja, bega kwa bega. Inafika sehemu ya kibao. Shuleni kwetu aliyekamatwa akizungumza Kiswahili alivishwa shingoni kipande cha ubao chenye kamba, na hakukivua mpaka amkamate mwingine. Aliyekuwa nacho jioni alichapwa mstarini, shule nzima ikitazama. Kwenye filamu, kipanga anamvua rafiki yake kibao, anakivaa mwenyewe, na darasa zima linainamisha vichwa. Kila aliyeiona sehemu hiyo alitokwa na machozi.

Tumaini halii. Ananigeukia polepole.

"Sada, siku ile kibao kilikuwa kwa nani?"

Nyani haoni kundule. Naangalia chini, naona sweta yangu imetuna kifuani. Kibao kimo ndani, nimekificha, kama nilivyokificha siku ile. Nilikamatwa asubuhi, uji uliponiunguza ulimi nikapiga kelele, "Mama yangu!" Kipanga achapwe mstarini? Nilimfuata Tumaini bombani, nikamuuliza kwa Kiswahili cha upole, "Mama anaendeleaje?" Mama yake alikuwa amelazwa wiki ya pili. Alinijibu kwa Kiswahili, maneno mengi, analia. Nilimwacha amalize, ndipo nikavua kibao na kumvisha yeye.

Sasa tuko bombani. Ndoo yake imejaa, maji yanafurika, hakuna anayefunga.

"Nilikutega," namwambia. "Nisamehe, Tumaini."

"Nilijua. Kamba ilionekana shingoni mwako."

"Sasa kwa nini ulinijibu?"

Anajitwisha ndoo, anaiweka sawa kichwani. Kisha anasema, bila hasira hata chembe:

"Shule nzima, hakuna mwingine aliyeniuliza."

Anaanza kupanda kuelekea bwenini. Nataka kumfuata, nimsaidie hata kubeba kata, lakini kila nikipiga hatua yeye yuko mbali zaidi. Nimemkumbuka mno. Huko juu anasimama, ananitazama kwa lile jicho lake la utani.

"Usinipambie, Sada. Sema tulivyokuwa."

Nikaamka. Mto umelowa machozi, na nje majogoo wa jirani wanajibizana. Sikunawa hata uso, nikampigia Chacha.

"Shikamoo dada. Ndo nafungua kompyuta hapa niitume."

"Marahaba. Usiitume. Sehemu ya kibao tunaipiga upya."

"Ile? Dada, si ndo hiyo inayoliza watu? Tamasha tutalikosa!"

"Tulikose. Kipanga hakumvua mwenzake kibao. Alimuuliza hali ya mama yake mgonjwa ili amkamate akijibu, kisha akamvisha."



"Mh. Huo unyama umeutoa wapi, dada?"

"Niliufanya mimi," nikamwambia.