Fundi Cherehani Anachana

Dada yangu hushona magauni kwa mguu, na mistari yake huitunga kwa mguu huohuo. Akikanyaga pedali ya cherehani, midomo inacheza, na mteja asiyemjua hudhani anasali. Wapi! Anachana, yaani anarap. Mwambie kwamba mama mzima mwenye watoto rap ya drill haimhusu, uone atakavyokutazama juu ya miwani mpaka ukumbuke una shughuli kwingine.

Mwaka huu alikuwa na haraka. Masikio ya mama yetu yalikuwa yanafifia. La kushoto lilishaziba, la kulia lilikuwa linaaga, na daktari hakutuficha kwamba halitapona. Na mama hakuwahi kusikia mistari ya binti yake hata siku moja, kwa sababu binti aliona haya.

"Nirekodi, mdogo wangu," akaniambia. "Nataka anisikie angali anasikia."

Studio yangu ni chumba changu cha kulala. Kabati la nguo ndilo la kurekodia: unajipenyeza katikati ya makoti, na mwangwi wote unamezwa. Mchana ule jua lilipita kwenye pazia la njano, na chumba kizima kilikuwa kama kimesinzia. Nikawasha mdundo. Besi ikateleza polepole chini ya miguu yetu, ngoma zikaifuata zikichechemea. Dada akaanza, akawahi. Akarudia, akachelewa. Mara ya tatu akasahau kila kitu.

"Miguu imekaa bure," akasema kutoka humo kabatini, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikameza kicheko. Tukaenda kuibeba cherehani yake, tukaiweka mbele ya kabati. Nikavua mkanda wa gurudumu ili pedali icheze bila kelele. Akakaa, akafumba macho, mguu ukaanza kupanda na kushuka taratibu. Sauti ikatoka. Haikuwa na haraka tena, iliegemea kwenye ngoma, na vumbi lililomulikwa na jua likaelea juu ya kichwa chake. Nilimpenda dada yangu sana wakati ule, ingawa ni mkorofi. Nikasahau hata kuangalia mitambo.

Jioni tukamvalisha mama hedifoni. Besi ilipoingia alishtuka, akacheka, akatikisa mabega. Halafu akazivua.

"Ngoma tamu," akasema. "Maneno siyapati."

Dada akainama. Nikasema nitaongeza sauti, mama akanizuia kwa mkono.

"Zima hiyo. Na wewe, njoo hapa."

Akamvuta dada mpaka midomo ikagusa sikio la kulia. Dada akachana bila mdundo wala pedali, pole kwa pole:

"Ulinikatia sketi kwenye pazia,
dirisha likabaki uchi, jua likaingia,
walionicheka njiani sikuwasikia,
nilivaa mikono yako, nikajitembelea."

Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Kumbe hukuionea haya ile sketi?"

"Hata kidogo, mama."

"Mimi nililala nikiiwaza. Miaka yote hii. Nikajua nilikuaibisha mbele ya wenzako."

Dada akajaribu mstari uliofuata, akaishia kulia. Mama akalisogeza sikio karibu zaidi.

"Usilie, mwanangu. Maliza, bado nakusikia."